Uzoefu wangu: Kongamano la hifadhi Kigali, kwa mtu wa mwalo wa Kigoma

Wenzangu wa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi kwenye mwalo (pale mitumbwi inaposhusha samaki), hapa Kigoma bado wananiuliza kama ile safari ya Kigali ilikuwa na faida au tulifuata posho. Faida ilikuwepo, na ni kubwa. Naandika kwa ajili ya mwenzangu yeyote wa kijijini atakayealikwa kwenye mkutano wa namna hii, ajue anakwenda kufanya nini.

Ninaouzungumzia ni mkutano wa maeneo ya hifadhi ya Afrika, maarufu kama APAC, uliofanyika Kigali tarehe 18 hadi 23 Julai 2022. Ulikuwa wa kwanza wa aina yake kwa bara zima, ukiandaliwa na serikali ya Rwanda pamoja na IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa asili, na AWF, shirika la wanyamapori Afrika. Tulikuwa zaidi ya watu 2,000: mawaziri, watafiti, askari wa wanyamapori, machifu, vijana, na sisi wavuvi wachache.

Kwa mtu wa Kigoma, Kigali ni jirani kuliko Dar es Salaam. Unapanda Kasulu, Kibondo, Kakonko, unatokea Nyakanazi, kisha Ngara hadi mpakani Rusumo. Wakati ule barabara ilikuwa bado inajengwa, vumbi tulilila la kutosha. Rusumo mambo ni mepesi kwa sababu maofisa wa nchi zote mbili wako pamoja, unagongewa mihuri upande mmoja. Usibebe mifuko ya plastiki, na rudisha saa yako nyuma: saa tatu asubuhi yetu ni saa mbili yao. Lugha isikutishe. Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, na sisi Waha Kinyarwanda tunakisikia vizuri tu.

Vikao vya ukumbini nitavipitia haraka. Ni vingi, vinakwenda kwa wakati mmoja vyumba tofauti, na watoa mada wengi wanazungumza kwa vifupisho. Soma ratiba usiku, chagua vichache vinavyogusa kazi yako, mengine achana nayo. Hoja iliyonikaa ni ile ya kulinda asilimia 30 ya nchi kavu na bahari ifikapo 2030, ambayo dunia iliipitisha Montreal Desemba mwaka huohuo. Mzungumzaji akiitaja, ukumbi unapiga makofi. Mimi nilikuwa nafikiria Hifadhi ya Mahale kwetu, ambako mpaka wa hifadhi unaingia hadi ndani ya Ziwa Tanganyika. Mvuvi akisikia asilimia zinaongezwa, anauliza atatega wapi nyavu. Swali hilo linastahili kujibiwa mbele yake kabla ramani haijachorwa, na nilifurahi kuona azimio la mwisho la Kigali linakiri wazi kwamba jamii zinazoishi na hifadhi zimetendewa isivyo haki. Nililisoma mara mbili nikiwa nimesimama.

Lakini kilichonilipa ile safari nilikipata kwenye foleni ya chakula. Nilikaa karibu na mama mmoja wa Madagaska, mchuuzi wa pweza. Yeye anazungumza Kifaransa, mimi sikijui. Akatokea kaka mmoja wa Uvira, mvuvi wa ziwa letuletu upande wa Kongo, akatufasiria kwa Kiswahili safi. Mama akatueleza walivyofanya vijiji vya kusini-magharibi mwa nchi yake, kuanzia Andavadoaka mwaka 2004: wanafunga sehemu ya miamba kwa miezi michache, pweza wanakua, kisha wanafungua siku moja kijiji kizima kikiwa pwani. Pweza hukua upesi, kwa hiyo watu waliona matokeo kwa macho yao na vijiji vingine vikaiga. Nikamuuliza nani alilinda usiku. Nani aliamua sehemu ya kufunga? Wanawake waokotao pweza kwa miguu walikula nini? Alijibu yote bila kuficha, hata ugomvi wao na wezi. Hicho ndicho mtaalamu hawezi kukupa, maana yeye hakuwahi kukosa kitoweo kwa sababu ya uamuzi wa kikao.

Kaka wa Uvira naye tulikaa hadi jioni tukizungumzia makokoro, yaani nyavu za kukokota, na mazalia ya samaki. Nchi nne za ziwa hili zilisaini mkataba wa pamoja mwaka 2003, lakini wavuvi wa pande mbili kukutana ana kwa ana ni nadra. Mpaka leo tunatumiana ujumbe dagaa wakiadimika.

Dosari moja lazima niiseme. Mfadhili wangu alitaka nilipe chumba kwanza nirejeshewe baadaye. Mtu wa mwalo hana akiba hiyo, nilikopa kwa shemeji. Mashirika yanayotaka sauti ya wanavijiji yalipe kabla ya safari, na yapeleke pia wanawake wanaoanika dagaa, si katibu wa BMU peke yake.

Serikali ilipopumzisha uvuvi Ziwa Tanganyika, Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, hadithi ya pweza niliisimulia mwaloni. Wazee walisikiliza, kisha akina mama wakanibana: kule walifunga sehemu tu, hapa limefungwa ziwa zima, na mikopo ya vikundi inadai. Wako sahihi kuuliza, na kwangu huo ndio mjadala tunaouhitaji: mazalia yapi yafungwe, kwa miezi ipi, na nani ashike ulinzi.

Natoa nyota nne kati ya tano. Ukialikwa, nenda na swali moja la kijiji chenu mlilokubaliana kikaoni, picha za mwalo zilizochapishwa, na daftari la kuandikia namba za watu.