Meshi ya waifai ya vipande vitatu: inashika nyumba nzima, ila intaneti ikikata apu yake nayo inakata

Nianze na sifa maana inastahili. Waifai sasa inafika kila kona, chumba cha nyuma ambako simu ilikuwa inashika kamstari kamoja tu sasa video inacheza bila kugandaganda. Seti inakuja na vipande vitatu, kimoja unakichomeka kwa waya kwenye boksi la fiba, viwili vinakaa ndani ya nyumba na vinaongea vyenyewe, jina la waifai ni moja pasiwedi ni moja, ukitembea na simu inahama yenyewe. Kuifunga hakuhitaji fundi kabisa, unaskani, unafuata maelekezo, kazi imeisha. Kwa waliozoea eksitenda ya bei rahisi yenye redio moja, ile inayopokea na kurusha kwa zamu mpaka spidi inashuka karibu nusu, hapa utaona tofauti hasa ukiweza kuviunga hivi vipande kwa waya.

Sasa kinachoniudhi. Hii kitu inaendeshwa yote kwa apu, na apu inataka uingie kwenye akaunti kupitia seva za kampuni, yaani intaneti ikikata, saa ile ile ambayo ndo unaihitaji, apu inazunguka weee halafu inakwambia kagua mtandao wako. Kifaa kipo mezani kinawaka, simu imeungana nacho, lakini hakikufungulii mlango hadi kipate ruhusa kutoka mbali. Kuna ukurasa wa brauza ukiandika 192.168.0.1 unafunguka hata bila intaneti, tatizo ni kwamba unaonyesha toleo la programu na hali ya mtandao basi, setingi za maana hazipo. Kwa kifaa cha nyumbani hilo ni kosa kubwa la kiutengenezaji na sioni kisingizio.

Na taa yenyewe ni moja tu. Kijani uko sawa, nyekundu hamna intaneti, ila nyekundu haikwambii imekatikia wapi. Kwa hiyo inabidi ulisome boksi la fiba, lenyewe liko wazi zaidi. Taa ya PON, ile ya muunganisho wa fiba, inatakiwa itulie na ya LOS, ile ya kuonya, iwe imezimika, ukiona LOS nyekundu ujue mwanga wa fiba haufiki, ule waya mwembamba umechomoka au umekunjwa sana au umekatika huko nje, hapo meshi haina kosa na wewe huna cha kufanya zaidi ya kuangalia kama umekaa vizuri na kumpigia anayekupa huduma. Tafadhali sana usichukue pini ukabonyeza kitundu cha riseti kwenye hilo boksi, maboksi mengi yanafuta setingi alizoweka mtoa huduma na hapo unakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

LOS ikiwa imezimika na meshi bado nyekundu, kagua waya unaounganisha boksi la fiba na meshi. Kakidude ka plastiki ka kwenye kichwa kakivunjika waya unalegea wenyewe ukiguswa kidogo. Na kuna ugonjwa wa kimyakimya, nyaya za ndani zikikatika baadhi, mtandao haufi, unashuka kutoka 1000 Mbps hadi 100 kwa sababu 1000 inahitaji jozi zote nne na 100 inatosheka na jozi mbili, watu wanalaumu kampuni ya intaneti miezi kumbe ni kipande cha waya. Kama waya mzima, zima vyote, washa boksi la fiba kwanza, subiri taa zake zitulie kabisa, ndo uwashe meshi. Mpangilio huo una maana, ukiwasha vyote kwa pamoja meshi inaomba anwani, ile namba ya kifaa kwenye mtandao, wakati boksi bado linaamka.

Ila kwa hii seti, kukatika kwingi kunakosumbua watu chanzo chake ni kingine kabisa na maelekezo yaliyokuja na seti hayakitaji. Inakuja ikiwa kwenye modi ya rauta, na boksi la fiba kwa kawaida nalo ni rauta, kwa hiyo unakuwa na marauta mawili kila moja linagawa anwani zake. Mara nyingi kurasa zinafunguka vizuri tu, ila gemu na kamera za kuangalia ukiwa mbali zinasumbua, na kama vyote viwili vinatumia namba za aina moja, tuseme 192.168.0 kitu, vinagongana na mtandao unapotea bila sababu inayoonekana. Dawa ni kuigeuza meshi iwe akses pointi, yaani irushe waifai tu, boksi libaki na kazi ya kugawa anwani. Setingi hiyo ipo, imefichwa tu kwenye menyu ya ndani, na ukiiwasha unapoteza zile kontroo za kuwabana watoto muda wa intaneti, kwa hiyo chagua unachohitaji zaidi. Dalili nyingine ya anwani ni hii, ukiangalia kwenye kompyuta ukakuta IP inaanza na 169.254, kompyuta haikupewa anwani na yeyote, imejipa yenyewe. Ukiping 8.8.8.8, yaani ukiijaribu kwa kompyuta kama inajibu, ikajibu lakini tovuti hazifunguki basi ni DNS, ile huduma ya kugeuza majina ya tovuti kuwa namba, weka 1.1.1.1 au hiyo hiyo 8.8.8.8 na uendelee na maisha.

Kwenye plagi na kamera za waifai nawapa maksi nzuri. Vitu hivi vingi vinajua masafa ya 2.4 GHz peke yake na vingine havielewi WPA3, ule ulinzi mpya wa pasiwedi, na hapa unaweza kuvitengenezea mtandao wao wa pembeni wa 2.4 na WPA2 ya zamani, tangu hapo havidondoki tena. Nilitamani pia nichague chaneli mwenyewe, maana kwenye 2.4 zisizoingiliana zinazotumika ni 1, 6 na 11 na ukiwa umezungukwa na majirani wote wanagombania hizo hizo, lakini wameweka kitufe kimoja tu cha kuboresha na hakisemi kimefanya nini.

Kuhusu pa kuviweka, usikiweke kipande cha pili pale ambapo waifai imekufa, nacho hakitakuwa na cha kurusha. Kiweke katikati ya njia, mahali ambapo simu bado inapata mawimbi mazuri, mbali na maikrowevu.

Nyota nne. Ya tano wataipata siku watakayoniruhusu niingie kwenye setingi zote kwa brauza intaneti ikiwa imekatika.