Uzoefu wangu: mashine ya zamani ya kufua na kukausha isiyo na jina, na nilivyokijua kiwanda chake

Mashine ninayoitathmini hapa haiuzwi tena dukani, na hata ilipokuwa mpya haikuwa ya kuonekana kila nyumba. Inafua na kukausha nguo katika ngoma ileile, nayo ni ya aina inayofichwa ndani ya makabati ya jikoni, mlango wa mbao ukiwa mbele yake. Niliikuta kwenye nyumba niliyohamia. Juu ya vitufe paliandikwa jina la muuzaji wa makabati, si la kiwanda. Kibandiko cha maelezo kwenye fremu ya mlango kilikuwa kimesuguliwa na maji na sabuni hadi kikabaki cheupe, na kitabu cha maelekezo hakikuwepo. Leo inafua na kukausha vizuri, na najua ilitoka kiwanda gani na mwaka gani. Nitaeleza inavyofanya kazi, lakini sehemu kubwa ya tathmini hii ni namna ya kukijua kiwanda, maana bila kukijua, mashine ya namna hii inaishia kwenye chuma chakavu hata kama mota yake ni nzima.

Tatizo lilikuwa dogo tu. Mashine ilikaa muda mrefu bila kutumika, mpira wa mlango ukakauka na kupasuka kwenye mkunjo wa chini. Fundi aliutazama akasema mpira unapatikana, ila anahitaji namba ya bidhaa. Mipira hii hufanana kwa macho na hutofautiana kwa milimita chache. Alisema kweli kabisa.

Ukilijua jambo moja, msako wote unakuwa rahisi: viwanda vinavyounda mashine hizi ni vichache, majina yanayobandikwa mbele ni mengi. Huko Marekani, kampuni ya maduka ya Sears iliuza mashine za Kenmore kwa miongo mingi bila kuziunda yenyewe. Namba ya modeli ndiyo inayosema ukweli: ikianza na 110, mashine ya kufulia imetoka Whirlpool, ikianza na 363, ni General Electric. Hata jina la kiwanda chenyewe huhama. Kampuni ya Bendix, ya hukohuko Marekani, ndiyo iliyoleta Duomatic mwaka 1953, mashine ya nyumbani iliyofua na kukausha bila kuhamisha nguo. Lakini wakati huo Bendix ilikuwa tayari mali ya Avco, ikaenda kwa Philco mwaka 1956, na Philco nayo ikanunuliwa na Ford mwaka 1961. Ulaya ni vivyo hivyo. Philips ilikuwa na Ignis na Bauknecht, kisha kitengo chake cha vifaa vya nyumbani kikaingia mikononi mwa Whirlpool kati ya 1989 na 1991. Electrolux iliichukua Zanussi mwaka 1984 na AEG mwaka 1994. Kwa hiyo usiulize tu "hii ni ya nani?" Uliza iliundwa na nani, halafu spea zake leo zinashikwa na nani.

Nilianza kwa kupunguza uwanja kabla ya kufungua chochote. Nafasi ya kabati ilikuwa na upana wa sentimita 60, kimo cha mashine kama sentimita 82, na chini mbele kulikuwa na sehemu iliyorudi ndani kupisha ubao wa miguu wa makabati. Hicho ni kipimo cha Ulaya. Mashine za Marekani za miaka ya 1950 na 1960 zilizounganisha kufua na kukausha zilikuwa pana zaidi. Spana ya milimita 10 na ile ya 13 zilikaa barabara kwenye boliti zote nilizogusa. Mashine ya Marekani ya enzi hizo ingezikataa, kwa kuwa boliti zake ni za inchi. Mahali pa bawaba za mlango wa mbao palitobolewa kiwandani, mashimo yakiwa na kingo safi zilizopakwa rangi, ishara kwamba iliundwa kuwa ya kabatini tangu mwanzo, si mashine ya kawaida iliyogeuzwa na seremala.

Kuitoa kabatini ni kazi ya watu wawili. Mashine ya aina hii ina uzito wa zaidi ya kilo 70 kwa sababu ya mawe ya zege yanayofungwa kwenye pipa ili isirukeruke wakati wa kukamua. Chomoa plagi, funga bomba la maji, mwaga maji yaliyobaki kupitia kichujio cha pampu, kisha legeza skrubu mbili za juu zinazoishikilia kwenye meza ya jikoni. Watu wengi husahau skrubu hizo na kuvunja kingo za meza.

Baada ya hapo, tafuta namba mahali ambapo maji na mikono havifiki. Fremu ya mlango ndiyo sehemu ya kwanza inayoandikwa namba na ya kwanza kufutika. Tazama mgongoni, tazama nyuma ya kifuniko cha kichujio, toa droo ya sabuni uangalie juu ya tundu lake kwa tochi, fungua kifuniko cha juu uangalie upande wa ndani wa bati. Ya kwangu ilikuwa na karatasi ndogo mgongoni, imefunikwa na vumbi la nguo lililoshikana na grisi. Niliifuta kwa kitambaa chenye unyevu kidogo bila sabuni. Kuisugua kwa nguvu kungemaliza kila kitu.

Kabla ya kuifikia karatasi hiyo nilikuwa nimesoma vipuri, na hapa ndipo ninapoona watu wengi wakipotea. Ndani ya mashine utakuta majina mengi yenye fahari: kwenye pampu, kwenye hita, kwenye taima, kwenye valvu ya maji. Hayo ni majina ya watengenezaji wa vipuri, wanaouzia viwanda vyote. Pampu ya Askoll haimaanishi kwamba mashine ni ya Italia. Taima ya Crouzet haiifanyi ya Kifaransa. Jina kwenye kipuri lina uzito mdogo. Chenye uzito ni namba ambayo kiwanda cha mashine kilitaka ipigwe juu ya kipuri hicho. Ukikuta vipuri vinavyoanza na 4812, uko katika familia ya Philips, Bauknecht na Whirlpool. Ukikuta herufi E-Nr (namba ya bidhaa) pamoja na FD (namba ya tarehe ya kuundwa), uko kwa Bosch na Siemens, na tarakimu mbili za kwanza za FD ukiziongezea 20 zinakupa mwaka: FD 7410 ni Oktoba 1994. Hii FD naipenda sana, ingekuwa vizuri kila kiwanda kingekuwa na mfumo wa wazi namna hiyo.

Kwangu, mota ilikuwa na jina Sole, kampuni ya mota ya Pordenone, kaskazini-mashariki mwa Italia. Peke yake hiyo si hoja, ila ilinielekeza pa kutazama, kwa sababu Pordenone ndiko Antonio Zanussi alikoanzisha karakana yake ya majiko mwaka 1916, na hapo jirani, Porcia, ndipo kilipo kiwanda cha mashine za kufulia. Karatasi ya mgongoni ikamaliza ubishi: namba ya bidhaa yenye tarakimu tisa, ikianza na 914. Huo ndio mpangilio wa Electrolux na Zanussi kwa mashine za kufulia. Muuzaji wa makabati alikuwa ameagiza mashine kutoka familia hiyo na kuweka jina lake mbele.

Mwaka ulihitaji kufikiri zaidi. Kwenye familia hii, tarakimu ya kwanza ya namba ya mfululizo ni ya mwisho ya mwaka, na mbili zinazofuata ni wiki. Yangu ilianza na 9. Ni 1979, 1989 au 1999? Alama ya CE, inayoonyesha kwamba kifaa kinatimiza masharti ya Ulaya, haikuwepo popote, na kwa vifaa vya umeme vya nyumbani barani Ulaya alama hiyo imekuwa ya lazima tangu 1997. Kidhibiti joto cha upande wa kukaushia kilikuwa na maandishi "Made in W. Germany", na Ujerumani Magharibi iliacha kuwepo tarehe 3 Oktoba 1990. Hivyo 1999 ikatoka. Iliyobaki niliimaliza kwa kugeuza droo ya sabuni. Plastiki nyingi za kiwandani huwa na duara dogo lililochapwa na kalibu, lenye namba 1 hadi 12 kuzunguka ukingo, mshale wa kuonyesha mwezi, na mwaka katikati. Katikati ya langu paliandikwa 89. Nilifurahi sana. Ushahidi wa aina tatu tofauti, kila mmoja ukiwa umeachwa na mtu tofauti kwa sababu yake mwenyewe, na yote ikielekea mwaka uleule.

Kwa namba hiyo ya tarakimu tisa, mpira ulipatikana. Ulikuwa ukitumika pia kwenye mashine za kusimama peke yake za familia hiyohiyo, ambazo ziliuzwa kwa wingi kuliko za kabatini. Mashine inaweza kuwa adimu huku matumbo yake ni ya kawaida kabisa. Yaliyo ya pekee kwenye mashine ya kabatini ni machache: bati la mbele, bawaba za kushikia mlango wa mbao, mkao wa vitufe, wakati mwingine na miguu. Hivyo ndivyo vya kutunza kwa roho yote, kwa sababu vikivunjika hakuna pa kuvipata ila kwenye mashine nyingine iliyokufa.

Sasa utendaji. Kufua ni kuzuri, na ninasema hivyo kama mtu anayefua mashuka na taulo nzito. Inajaza maji mengi kuliko mashine za sasa, na suuza yake inaondoa sabuni vizuri. Kukamua kuna sauti kubwa, na kabati linaongeza mvumo kama mashine haijasawazishwa. Nilitumia pima-maji na kuzungusha miguu hadi kiputo kikatulia katikati, kelele ikapungua sana. Bawaba za mlango wa mbao zikaze upya kila baada ya muda, maana mtetemo huzilegeza.

Kukausha kunahitaji subira, na hili si la kiwanda kimoja, ni la aina nzima ya mashine hizi. Hewa ya moto hupulizwa na feni kupitia hita, inapita kwenye nguo, inatoka na mvuke, kisha mvuke huo hupozwa kwa maji baridi yanayotiririka taratibu ndani ya mfereji wa nyuma. Maana yake mashine inatumia maji hata inapokausha. Ukifunga bomba la maji kwa kudhani kufua kumekwisha, nguo zitabaki na unyevu na mashine itachemka bure. Maana nyingine ni kwamba ngoma inayofua kilo 5 haiwezi kukausha kilo 5, kwa sababu nguo zinahitaji nafasi ya kupepea. Fua mzigo kamili ukipenda, kisha toa nusu kabla ya kukausha. Anayelalamika kwamba mashine ya namna hii haikaushi, mara nyingi amejaza kupita kiasi, au mfereji wa kupozea umeziba kwa vumbi la nguo. Kuusafisha mfereji huo kuliifanya ya kwangu ikaushe vizuri kuliko kitu kingine chochote nilichoifanyia, kuliko hata kubadilisha mpira.

Ninachokithamini zaidi ni kwamba inafunguka. Pipa lake ni la chuma na limefungwa kwa boliti, kwa hiyo beringi zikichoka zinabadilishwa. Mashine nyingi za sasa zina pipa la plastiki lililounganishwa moja kwa moja, beringi ikilia unaambiwa ununue pipa zima, na bei yake inakukatisha tamaa. Brashi za kaboni za mota ni kazi ya bisibisi na nusu saa. Kwa upande mwingine, inakula umeme mwingi wakati wa kukausha, na kwa familia kubwa inayofua kila siku nisingeipendekeza hata kidogo. Wao wanahitaji mashine mbili tofauti. Inamfaa mtu wa nyumba ndogo, asiye na haraka, ambaye makabati yake yamejengwa kuizunguka.

Kama unayo ya namna hii na hujui ni ya nani, piga picha kila namba unayoiona kabla ya kusafisha chochote, hata ile inayoonekana haina maana. Namba ya bidhaa ya kwangu nimeiandika kwa kalamu ya wino wa kudumu ndani ya mlango wa kabati, pamoja na mwaka. Shokapu za chini zimeanza kulegea, zinasikika mwanzoni mwa kukamua; nimeshaagiza jozi mpya kwa namba hiyohiyo.