Suzuki Carry: maoni ya fundi samani wa Keko

Niseme mapema ili mwenye haraka aondoke na jibu. Kama mzigo wako unajaza nafasi lakini haulemei, yaani samani, magodoro, mikate, matenga ya kuku, maboksi ya nguo, nunua Suzuki Carry, lori dogo la Kijapani, na usisumbuke na gari jingine. Kama unauza saruji, nondo au mchanga, tafuta Canter, huyu mdogo muache apumzike.

Mimi ni seremala, karakana yetu iko Keko, Dar es Salaam. Tunatengeneza vitanda, makabati, makochi na meza za chakula, na mteja wa siku hizi hataki kusikia habari ya "njoo uchukue". Anataka kitanda kifike Chanika au Bunju, kifungwe, na mafundi waondoke wakiwa wamefagia. Ndiyo maana kirikuu imekuwa sehemu ya karakana sawa na msumeno. Tunayoitumia sisi ni DA63T, umbo lililotengenezwa Japani kuanzia 2002 hadi 2013, injini K6A, gia za mkono. Humu nitasema "kirikuu" nikiwa na maana ya Carry, ingawa mtaani jina hilo linabandikwa hata Daihatsu Hijet na jamaa zake.

Kwanza ujue kwa nini ni dogo. Japani wana daraja la magari wanaloliita kei, lenye mipaka ya kisheria: tangu 1998 urefu usizidi mita 3.4, upana usizidi mita 1.48, na injini isizidi cc 660. Kwa malori madogo ya daraja hilo mzigo ni kilo 350. Anayekubali mipaka hiyo anapunguziwa kodi, na katika sehemu nyingi za vijijini haombwi hata cheti cha kuonyesha ana mahali pa kuegesha. Mkulima wa Kijapani ndiye aliyelengwa, mwenye kijishamba cha mpunga na njia nyembamba kati ya nyumba na nyumba. Hakuna aliyekaa Hamamatsu, mji wa Japani ilikozaliwa Suzuki, akawaza uchochoro wa Keko Machungwa, lakini gari linapita humo bila kukunja vioo vya pembeni.

Sasa nikuonyeshe tunavyopakia, maana hapa ndipo gari linapojulikana. Bodi ina urefu wa mita 1.9 na ushee, upana mita 1.4. Chukua kitanda cha sita kwa sita cha mkongo. Ubao wa kichwani una futi 6, yaani kama mita 1.83, kwa hiyo kuukingamisha haiwezekani, utatokeza pande zote mbili na trafiki atakusalimia kwa jina. Tunausimamisha kwa ubavu kufuata urefu wa bodi, chini tumetandika maboksi, kati yake na ukuta wa chuma tumeweka blanketi kuukuu ili vanishi isikwaruzwe. Ubao wa miguuni unafuata, halafu mbavu mbili, halafu chaga zikiwa fungu moja. Godoro linasimama upande wa pili na kubana kila kitu kisicheze. Kamba inapita kwenye ndoano zilizo chini ya ukingo wa bodi, zipo pande zote, na Mjapani aliziweka pale ambapo mkono unazitafuta. Kitanda kizima na godoro lake, safari moja, kamba moja.

Kuta tatu za bodi zinashuka. Ukizishusha, sakafu iko chini ya kiuno cha mtu mzima, kwa hiyo kabati la milango mitatu linapandishwa na watu wawili bila kumwita jirani. Kwenye pikapu za kawaida bodi iko juu, na matairi ya nyuma yanakula nafasi kwa yale matumbo yanayochomoza ndani. Bodi ya Carry ni bapa mwanzo hadi mwisho. Ukilaza kochi la watu watatu litazidi kidogo nyuma. Unashusha mlango, unafunga kitambaa chekundu, unakwenda.

Injini haikai mbele, iko chini ya viti. Unainua kiti ndipo unaiona: silinda 3, cc 658, nguvu za farasi wapatao 50. Ina taiming cheni, si mkanda wa kubadilishwa kama injini ya zamani ya F6A, na hilo peke yake linakupunguzia safari moja ya lazima gereji. Matairi ni inchi 12, size ya 145. Barabara tambarare, mzigo wa samani, inakimbia vizuri tu na sheli huendi mara kwa mara. Kilima cha Goba kinataka gia ya pili na subira. Kabini ni finyu, dereva na utingo wanagusana mabega, na kwa kuwa pua ya gari ni fupi, sitamshauri mtu ajifanye ana basi la Arusha. Haya ni maumbile ya kila lori la kei, awe Suzuki, Daihatsu au Honda.

Turudi kwenye kilo 350, kwa sababu hapa ndipo Watanzania tunapoionea gari hii halafu tunaitukana. Kilo 350 ni mifuko 7 ya saruji ya kilo 50. Saba! Nenda kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi uhesabu inayopakiwa. Springi za nyuma zimekunjamana, pua imeinuka kuelekea mbinguni, halafu baada ya mwaka unasikia "Suzuki ni chuma laini". Mimi nikimwekea mteja kabati la paneli na meza ya watu sita, bado nina kilo za kubaki. Kabati kubwa la mkongo mtupu pamoja na kitanda chake ni habari nyingine, mkongo ni mzito, naenda safari mbili na mteja naye anachangia mafuta.

Kinachonipendeza zaidi kwa kampuni hii ni kwamba ilianzishwa na mwenzangu wa randa na patasi. Michio Suzuki alizaliwa 1887 karibu na Hamamatsu, mkoa wa Shizuoka, mtoto wa wakulima wa pamba. Alipelekwa kwa fundi akiwa kijana akajifunza useremala. Kisha akamtengenezea mama yake kitanda cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia nguo, cha mbao na cha kukanyaga kwa mguu, na majirani wakakitaka. Mwaka 1909 akafungua karakana ya kuvitengeneza. Kila seremala wa Keko anaijua njia hiyo: unatengeneza cha nyumbani kwenu, jirani anauliza bei, ukija kushtuka una oda. Tofauti ni kwamba yeye hakukwama kwenye oda. Miaka ya 1930 mwishoni alikuwa ameshaanza kujaribu gari dogo, vita ikamkatiza. Biashara ya pamba ilipoanguka 1951, kampuni ikarudi kwenye vyombo vya moto: 1952 wakatoa Power Free, injini ndogo ya cc 36 ya kufungwa kwenye baiskeli. Mwaka 1954 jina likawa Suzuki Motor, 1955 ikaja Suzulight, gari la kwanza, na 1961 ikazaliwa Carry ya kwanza ikiwa na injini ya cc 359 ya kuchanganya oili na petroli. Jina halijabadilika hadi leo. Kwa wapenda pikipiki niongeze tu kwamba Honda na Yamaha nao asili yao ni Hamamatsu hiyohiyo. Sijui maji ya kule yana nini.

Mtu aliyeifanya Suzuki kuwa Suzuki, hata hivyo, ni mkwe. Osamu alizaliwa akiitwa Matsuda, akamwoa mjukuu wa Michio, na kwa desturi ya Kijapani akachukua jina la ukoo wa mke. Alikuwa amefanya kazi benki, na kibenki hakikumtoka. Mwaka 1978 akawa rais wa kampuni, na mwaka uliofuata akatoa Alto kwa yen 470,000, bei iliyowaacha washindani midomo wazi. Siri haikuwa uchawi. Aliondoa kila kisichohitajika, na akaliandikisha gari kwenye kundi la magari ya kazi ili kodi ya anasa iliyotozwa magari ya familia isimguse. Husimuliwa kwamba hata uzeeni, tajiri wa kutisha, alipanda ndege daraja la kawaida. Mimi nikiona sakafu ya Carry isiyo na kapeti, ni raba tu unayoisuuza kwa ndoo ya maji, namwona huyo mzee. Alifariki Desemba 2024 akiwa na miaka 94.

Yeye ndiye aliyekwenda India wakati wakubwa wa Japani wanaangalia Marekani. Mkataba na serikali ya India ulisainiwa 1982, na Desemba 1983 Indira Gandhi alikabidhi funguo za Maruti 800 ya kwanza, gari la ubia huo. Leo karibu gari nne katika kila kumi mpya zinazouzwa India ni za Suzuki. Marekani hawakuvuna hivyo. Mwaka 1988 jarida la Consumer Reports liliandika kwamba Suzuki Samurai inapinduka kirahisi, kesi iliyofuata ikavutana hadi 2004, na mwaka 2012 Suzuki ikatangaza kuacha kuuza magari kule. Volkswagen nao walinunua hisa asilimia 19.9 za Suzuki, ndoa ikaharibika mapema, hadi wasuluhishi walipoitenganisha 2015.

Na lipo doa ambalo shabiki wa Suzuki akilificha ni mnafiki. Mei 2016 kampuni ilikiri kwamba vipimo vya matumizi ya mafuta havikufanywa kama sheria ya Japani ilivyotaka, kwa magari yanayofika milioni 2.1. Maelezo yao yalikuwa kwamba uwanja wao wa majaribio wa Sagara uko kilimani karibu na bahari, upepo unavuruga vipimo, kwa hiyo wakakusanya namba za vipuri ndani ya maabara badala ya kuliendesha gari lote nje. Walipopima upya walisema gari halikunywa kuliko walivyotangaza. Mimi siwasamehi haraka hivyo. Mteja akiniambia nipime kwa futi kamba halafu nikadiria kwa jicho, hata kabati likitoshea mlangoni, sikufanya nilicholipwa. Osamu aliachia cheo cha mtendaji mkuu mwezi uliofuata akabaki mwenyekiti. Halafu 2019 likaibuka la ukaguzi usiofuata taratibu wa magari mapya kiwandani, na magari kama milioni 2 yakaitwa yarudi kukaguliwa. Ubahili ndio uliotupa gari la bei ya kununulika, na nadhani ni ubahili huohuo uliofanya mtu aone upepo kuwa kisingizio cha kutosha.

Hapa kwetu sifa ya Suzuki imeishi chini ya kivuli cha Toyota. Mwambie mtu wa Dar unanunua gari lisilo Toyota, atakuuliza spea utapata wapi kabla hujamaliza sentensi. Kwa kirikuu swali hilo limekufa. Kariakoo klachi pleti, bushi, shokapu na rejeta za Carry zimetundikwa hadi mlangoni. Na wale wa "mimi ni Toyota tu" niwape moja la kunywea chai: Toyota Starlet mpya inayouzwa Afrika tangu 2020 ni Suzuki Baleno ya India yenye beji nyingine. Kampuni hizo mbili zina ushirika, na 2019 zilinunuliana hisa.

Ukienda kununua iliyotumika, chungulia chini kabla hujasikiliza maneno. Muuzaji mmoja wa yadi aliniapia kwamba lori alilonalo ni foo wili. Nikalala chali pembeni ya tairi la mbele: hakuna difu ya mbele, hakuna propela shafti ya kwenda mbele, yaani kitufe cha kwenye dashibodi ndicho kilichokuwa foo wili. Kwa mjini huihitaji. Kwa anayepeleka vitanda Kisarawe wakati wa masika, ilipie hiyo tofauti na uihakikishe kwa macho. Kagua kutu kwenye kona za bodi na nyuma ya kabini, maana mikoa ya theluji Japani hunyunyiza chumvi barabarani. Inua kiti, washa injini ikiwa baridi, sikiliza cheni. Majani ya springi za nyuma yakiwa yameongezwa, mwenye nalo alikuwa akibeba saruji, na bei ishuke.

Na usikimbie beji ngeni. Mazda Scrum ni Carry tangu 1989, Nissan NT100 Clipper ni Carry tangu mwisho wa 2013, na Mitsubishi Minicab ikafuata 2014. Wanunuzi wengi wakiona Scrum wanapita, kwa hiyo muuzaji analegea. Mimi ningeanzia hapo, nimshushe bei kwa kisingizio cha spea, halafu spea niziulizie Kariakoo kwa jina la Suzuki.