Viatu vya mtumba na gia za kukodi Moshi: maoni yangu kwa Wazanzibari wanaotaka kupanda Kilimanjaro

Jamani, tangu niweke zile picha za kilele cha Uhuru kila siku naulizwa suali hilo hilo, viatu ulitoa wapi na lile jaketi kubwa ulinunua bei gani. Basi naandika hapa mara moja kwa kirefu ili wenzangu wa Unguja na Pemba wanaojiandaa wajue pesa zao wazitie wapi, maana huku kwetu mimi sijaona duka la vitu vya mlima na ukiingia mtandaoni kutazama bei za Ulaya unafunga simu mwenyewe.

Kwa ufupi: viatu nunua vyako, na mtumba mzuri unatosha kabisa. Jaketi la baridi kali, slipingi bagi (ule mfuko wa kulalia), suruali ya mvua na fimbo za kutembelea kodi Moshi. Hela itakayobaki ongezea siku moja ya kukaa mlimani, hiyo ndo gia yenye faida kuliko zote na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na viatu. Mitumba ya Darajani ukiwa na subira unapata viatu vya mlima vya kweli, vile vya Kijerumani na Kiitaliano, Lowa, Meindl, Scarpa, kwa bei ambayo haifiki robo ya kipya. Mimi nilipata Lowa ya ngozi yenye Gore-Tex ndani, kile kitambaa kisichopitisha maji, imeshika kifundo vizuri, na mlima mzima haikunitoa lengelenge hata moja wala maji hayakuingia pale msituni ambapo njia ni tope tupu. Kwa hiyo kiatu chenyewe nakipa alama zote. Lakini mtumba una siri yake na wauzaji wengi hawaijui, au wanaijua na hawasemi.

Mwenzetu mmoja kwenye kundi alinunua vyake kwenye meza moja ya mitumba, vinang'aa, ngozi haina hata mkwaruzo, muuzaji kamwambia hivi vilikuwa stoo havijavaliwa, yaani kama vipya. Tumetoka Mandara tunaenda Horombo, vituo vya kulala vya njia ya Marangu tuliyopanda, msitu umeshaisha tupo kwenye yale majani na vichaka vifupi, tunaona nyuma yake kuna vipande vyeusi vinabaki njiani. Akanyanyua mguu, ile sehemu laini iliyo kati ya ngozi na soli inamomonyoka kama mkate wa mofa, ukigusa na kidole inabaki unga mkononi. Mpaka tunafika Horombo soli ya kulia imebaki kuning'inia kwa mbele tu. Muongozaji wetu akaifunga kwa mpira wa tairi na gundi ya karatasi, halafu mmoja wa wagumu, yaani wapagazi wetu, Mungu ambariki, akamuazima viatu vyake vya akiba vilivyokuwa vikubwa kwake namba nzima.

Sababu ni hii. Viatu vingi vizuri vya mlima hiyo sehemu ya kati wanatumia poliyurethani, ni nyepesi na inabeba uzito vizuri, lakini unyevu wa hewani unaila taratibu kutoka ndani. Baada ya miaka kama minane mpaka kumi inaanza kupasuka, na joto na unyevu vinaharakisha, sasa fikiria hali ya hewa yetu sisi. Na kiatu kilichokaa stoo bila kuvaliwa ndo kibaya zaidi, maana kukitembelea kunaibana ile poliyurethani na kuutoa unyevu nje. Kwa hiyo ukiambiwa "hakijavaliwa hiki" wewe usifurahi, hapo ndo uzidishe kukagua.

Kukagua kwenyewe ni hivi, shika kiatu ukikunje kwa nguvu kama mtu anapanda ngazi, tazama ubavuni kama kuna nyufa ndogo ndogo mithili ya mistari ya nywele. Halafu bonyeza ile sehemu ya kati kwa kucha ya gumba, ikirudi kama mpira sawa, ikibaki shimo au ikitoa unga rudisha mezani hata kama anakupa bure. Chungulia kibandiko ndani ya ulimi, viatu vingine vimeandikwa mwaka wa kutengenezwa. Fundi viatu wetu wa mtaani anaweza kushona na kugundisha soli iliyobanduka, lakini poliyurethani ikishaoza hana cha kugundisha.

Saizi nayo, nenda kujaribu jioni miguu ikiwa imevimba kidogo na uvae zile soksi nene utakazopanda nazo. Simama kwenye ngazi uelekee chini, vidole visiguse mbele. Watu wanafikiria kupanda tu, lakini siku ya kilele unateremka kutoka mita 5,895 mpaka Horombo kwenye mita 3,720, zaidi ya mita elfu mbili kwa siku moja, kiatu kifupi kitakung'oa kucha. Halafu kivae miezi kabla, sokoni kivae, kazini kivae, watu watakushangaa na jua hili lakini waache.

Sasa gia za kukodi. Moshi mjini maduka na kampuni za kukodisha zipo nyingi. Duka nililokodi mimi jaketi lilikuwa safi, limejaa manyoya vizuri, zipu inapanda bila kukwama, glavu za vidole viwili zile nene nazo nzuri sana na nawashauri mchukue hizo, zina joto kuliko za vidole vitano. Suruali ya mvua ilikuwa kubwa lakini inafanya kazi. Fimbo nilizikataa jozi mbili kwa sababu ile sehemu ya kukaza ilikuwa inateleza, ukiiegemea inaingia ndani, na hilo ni jambo la kupima pale pale dukani kwa kuilalia na uzito wako wote, kwa sababu kwenye kuteremka fimbo ndo inaokoa magoti.

Lawama yangu ni kwenye slipingi bagi. Kijana wa dukani ananambia hii inakwenda mpaka nyuzi hasi 15. Nikatafuta lebo ndani, kweli hasi 15 imeandikwa, lakini hapo ni kiwango cha mwisho ambacho mtu anajikunja anavumilia, kiwango cha kulala kwa raha kilikuwa cha juu zaidi. Lebo zenye vipimo vya Ulaya zinaandika vyote viwili, na sisi watu wa pwani ambao nyuzi 22 usiku tunatafuta shuka, tusome kile cha raha peke yake. Nikaomba nyingine nzito zaidi na nikaongeza na kitambaa cha ndani, na Kibo, kituo cha mwisho kabla ya kilele, nililala, wenzangu waliochukua ile ya kwanza walikesha. Nendeni dukani siku moja kabla, msikubali kuletewa begi limeshafungwa asubuhi ya safari, humo ndani hujui kuna nini.

Nguo za kugusana na mwili nunueni zenu, za poliesta au sufi, mitumbani zimejaa. Pamba hapana. Fulana ya pamba ikishika jasho haikauki kule juu, na usiku wa kilele baridi ni hasi 10 na inaweza kufika hasi 20 pamoja na upepo. Kwa kinadada wenzangu: mtandio wa pamba uacheni hoteli, vaeni hijabu ya mazoezi ya kitambaa chepesi kinachokauka haraka. Tochi ya kichwa ukiifunga juu ya hijabu inateleza kila ukiinama, ilinisumbua mpaka nilipovaa kofia ya sufi juu ya hijabu na tochi juu ya kofia, ikatulia. Betri za akiba zikae mfukoni karibu na mwili, baridi inazinyonya. Chupa ya maji geuza kichwa chini kwenye begi, maji yanaanza kuganda kwa juu kwa hiyo mdomo wa chupa unabaki wazi, na ule mpira wa kunyonyea maji usiutegemee usiku wa kilele maana unaganda. Suruali pana ya mvua juu ya suruali ya joto inasitiri vizuri tu, msiogope.

Mazoezi watu wanasema Unguja hakuna mlima. Ni kweli, Masingini yenyewe ni kama mita 120 tu juu ya bahari. Lakini ngazi zipo. Sisi tulizipanda za nyumba za Michenzani alfajiri, begi mgongoni na madumu ya maji ndani, kuanzia lita tano tukaongeza taratibu, na wazee wa mule walituzoea mpaka wakawa wanatuhesabia. Na kushuka ngazi nako ni mazoezi, tena ndo kunakotayarisha mapaja kwa ile siku ya kuteremka, kwa hiyo msishuke mbio. Vikundi vya mazoezi ya viungo vinavyokimbia asubuhi barabarani vinakupa pumzi nzuri na watu wa kukusukuma, jiungeni. Mchanga wa pwani maji yakitoka ni mzuri kwa vifundo.

Lakini hapa nisikilizeni vizuri, mazoezi yote hayo hayakuandai kwa kimo. Kule Uhuru presha ya hewa ni kama nusu tu ya hapa pwani, kila pumzi unapata nusu ya oksijeni uliyoizoea, na mwili unahitaji siku kujizoesha, sio misuli. Kijana wa timu ya mpira anaweza kulala chini Kibo na mama wa miaka hamsini akampita. Njia ya Marangu ndo maarufu kwetu kwa sababu unalala kwenye nyumba, lakini itazame: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo kama 4,720. Mita elfu kila siku! Wataalamu wa tiba za milimani wanashauri ukishapita mita 3,000 usipandishe pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku. Kwa hiyo kile kifurushi cha siku tano ambacho kampuni zinakitangaza kwa sababu ni cha bei nafuu, mimi sikipendekezi. Chukua siku sita, ile ya ziada unalala tena Horombo, mchana mnapanda mpaka Zebra Rocks halafu mnarudi chini kulala. Sisi tulichukua hiyo na tofauti ya kundi letu na la siku tano tulilokutana nalo Kibo ilikuwa wazi kabisa, wao wanatapika kabla hata hawajaanza.

Kichwa kuuma kidogo na kukosa hamu ya kula ni kawaida, mwambie muongozaji usifiche. Ukianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kukosa pumzi hata umekaa na kifua kinakoroma, hapo hakuna kusubiri asubuhi, ni kushuka saa hiyo hiyo, maji yanaingia kwenye ubongo au mapafu na dawa yake ya kwanza ni kushuka. Muulizeni muongozaji kabla ya safari ana oksijeni na ile mashine ya kidoleni ya kupima oksijeni? Akibabaika tafuteni kampuni nyingine. Dawa ya Diamox wengi wanaitumia, inasaidia mwili kuzoea lakini muoneni daktari kwanza, hasa mtu mwenye aleji na dawa za salfa kama Fansidar.

Na jambo ambalo halisemwi kabisa na kwetu ni muhimu: selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Huku kwetu watu wengi wana ile hali ya kubeba tu bila kuumwa, na hawajui. Juu kule oksijeni ikipungua hata mbebaji anaweza kupata matatizo ya wengu, maumivu makali ubavu wa kushoto. Nendeni mkapime kabla ya kulipia safari, ni kipimo cha damu tu, na majibu mpelekeeni daktari akushaurini. Mwenye ugonjwa wenyewe asipande.

Kwa jumla duka la Moshi nalipa alama nne kati ya tano, ile moja imeondoka na slipingi bagi. Amana yangu nilirudishiwa yote bila maneno, ila nilipiga picha kila kitu kabla ya kuondoka nacho, tundu la jaketi na doa la begi, na nyinyi fanyeni hivyo.

Viatu mkirudi navyo sugueni tope, kausheni kivulini, msivianike juani wala msivifungie kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati, vivaeni vivaeni tu hata kwenda shamba. Na wa miguu mikubwa kuanzia 42 nyinyi hamna shida, mitumbani vipo tele, sisi wa 37 na 38 ndo tabu, anzeni kutafuta hata miezi sita kabla na muombeni muuzaji akupigieni simu siku anayofungua balo.