TAHADHARI: Fundi wa sakafu anayewinda ofisi zinazohama, Lubumbashi

Wandugu wa Lubumbashi, hasa ninyi mnaopanga ofisi mjini na kontra zenu (mikataba ya pango) zinaelekea kwisha, someni hii na muwatumie wengine. Kuna mtu anazunguka kwenye ofisi zinazohama, anajiita mkuu wa kampuni ya sakafu. Ni mwizi. Kama kuna mtu wake anasoma hapa, amfikishie kwamba nimesema hivyo.

Sisi tulikuwa tunahama ofisi yetu ya kupanga kwenda nyingine, na mwenye jengo ni mkali. Kontra inasema sakafu irudi kama tulivyoikuta: karo (vigae) za kijivu za sentimita 60 kwa 60, safi, bila kola (gundi), bila tundu. Sisi tulipoingia tulibandika juu yake moketi (zulia) ya vipande, ile ya 50 kwa 50, ili kupunguza kelele, tena tukatoboa karo kadhaa kwa kufunga zile mbao za kugawa vyumba. Kwa hiyo kazi ilikuwa kutoa moketi, kutoa kola, kubadilisha karo zilizotoboka. Basi.

Fundi huyo aliletwa na komisioneri, yaani dalali, aliyetutafutia ofisi mpya. Shati jeupe limenyooka, kipimo cha leza mkononi, kitabu cha fakitire (ankara) chenye kashe (muhuri) na namba ya RCCM, ile ya usajili wa biashara. Alisalimia kila mtu mpaka mlinzi na mama wa kufagia. Hakukimbilia bei. Kabla hajapima chochote aliniuliza, "Mama, funguo munarudisha tarehe gani?" Nikamwambia. Akaandika kwenye kidaftari chake, ndipo akaanza kupima.

Halafu akaenda kona ya nyuma, karibu na dirisha, akapiga magoti na shati lake lile jeupe. Akang'oa vipande vichache vya moketi. Chini yake kola ilikuwa imebaki ya manjano, inanata mpaka kiatu kinavutwa. Akatoa chupa ndogo, akamimina dawa kidogo, akaifunika kwa plastiki, akasema tungoje. Tukangoja. Akawa ananieleza habari za watoto wake wanaosoma kule Katuba, na ada zilivyopanda. Kisha akafunua, akakwangua polepole kwa kisu cha plastiki, si cha chuma, akapangusa kwa kitambaa na maji ya moto. "Mama, weka mukono hapa. Kola iko?" Nikaweka mkono. Laini, kavu, hakuna hata mchirizi. Karo inang'aa kama siku ile tulipopewa funguo. Niliwaita wenzangu wote waje kugusa.

Akaongeza. Akatoa karo moja kwenye mfuko, nzito, akaigeuza, akadondosha tone la maji mgongoni mwake. Tone likakaa pale pale. "Hii ni gre seramu, mama. Mayi haiingie." Na ni kweli, gre seramu, aina ya karo ngumu, haifyonzi hata nusu ya asilimia moja ya uzito wake. Mtu anayejua hilo na kukuonyesha kwa macho yako, utamkataa kwa sababu gani? Hata bei yake haikuwa ya chini ya kutia shaka, ilikuwa katikati ya mafundi wengine tuliowauliza. Tena akasema moketi ya zamani ataichukua yeye, ana mteja wake, atatupunguzia kwenye fakitire. Nilipompa avansi (malipo ya kuanzia) alizipitia dola noti kwa noti mbele ya taa, akanirudishia moja iliyochanika kidogo pembeni, kwa utulivu kabisa. Nikajiambia, huyu ni mtu wa kazi.

Kazi ikachelewa. Dawa imekwama Kasumbalesa, pale mpakani, akasema. Sasa ni nani katika mji huu atabisha habari ya mzigo kukwama Kasumbalesa? Wote tunaijua ile foleni ya malori. Kila nikipiga simu alipokea, tena kwa adabu. Moketi yeye aliibeba yote mapema kwa kamioneti, hiyo haikukwama popote.

Vijana wake walikuja wiki ya mwisho, usiku, na jenereta. Hakuna dawa wala kisu cha plastiki. Waliingia na meule, mashine ya kusaga. Asubuhi nilifungua mlango nikakuta vumbi mpaka juu ya taa, na sakafu nzima ina mikwaruzo ya mviringo, mng'ao umekwisha, isipokuwa ile kona ya dirishani aliyoitengeneza mwenyewe. Alikuja baadaye ameinamisha kichwa. "Mama, karo za zamani zilikuwa zayifu. Lazima tubadilishe zote, mwenye nyumba hatazikubali." Na tarehe ya funguo ilikuwa imefika mlangoni. Ningefanya nini? Kila mwezi wa kuchelewa ni kodi nyingine juu. Nikalipa mara ya pili, na pesa hiyo ilitoka kwenye likelemba yetu (mchango wa kupokezana), zamu ya mwenzangu. Naona haya kuandika haya, maana mwenzangu huyo yumo humu kwenye kundi na anasoma.

Karo zikaja, zikabandikwa upesi upesi. Kwa macho zilipendeza.

Injinia wa mwenye jengo alipokuja kukagua hakuwa na chombo chochote. Alichukua funguo zetu zile zile tulizotaka kumrudishia, akatembea ameinama, anagonga karo moja moja. Ngo, ngo, ngo. Karibu zote zinalia tupu. Akainua moja, ikatoka bila ubishi: chini kuna madonge matano ya kola, manne kwenye pembe na moja katikati, kwingine kote hewa. Kola ya karo inatandazwa kwa mwiko wa meno ijae chini yote, vinginevyo ukiweka kabati la faili juu yake inapasuka. Akadondosha maji mgongoni mwa karo kama yule mwizi alivyofanya. Yakanywewa pale pale. Kisha akaniita dirishani: mwanga ulipopita ukaona sakafu ina kijivu cha aina mbili, safu hii na safu ile. Akaandika, nikasaini. Garanti yote (amana yetu ya pango) imezuiliwa, na wanadai tuongeze. Mbele ya wafanyakazi wangu nilisimama pale sina la kusema.

Simu ya bwana huyo sasa haipatikani. Namba ya RCCM iliyo kwenye fakitire ni ya biashara ya mtu mwingine kabisa, anayeuza mafuta ya kupikia. Komisioneri naye anasema hamjui vizuri, "tulikutana tu". Na nimesikia kutoka kwa watu wawili kwamba mtu wa sura hiyo hiyo ameonekana kwenye ofisi za Kampemba, kwa jina jingine, na kona yake na chupa yake.

Afungwe. Sitaki turudishiwe nusu tuyamalize kifamilia. Kifungu cha 98 cha kitabu cha pili cha sheria ya makosa kipo kwa ajili ya watu kama hawa: kuchukua pesa kwa jina la uongo na hila ni miezi mitatu mpaka miaka mitano. Mimi naomba hiyo mitano. Gereza la Kasapa lina nafasi yake. Na komisioneri aliyemleta aulizwe mbele ya ofisa amekula ngapi, maana hawa hawaendi mmoja mmoja. Mtu aliyempotezea mama likelemba ya wenzake asitembee hapa mjini na shati jeupe!

Kwa wanaoniuliza kwa ujumbe wa faragha watamtambuaje: anauliza tarehe ya funguo kabla ya kuuliza ukubwa wa ofisi. Hiyo ndiyo kazi yake, akufikishe siku za mwisho huna pa kugeukia. Kona ya majaribio anaichagua yeye. Mchagulie wewe, tena katikati ya chumba. Katoni za karo zifunguliwe mbele yako. Ya 60 kwa 60 kwa kawaida ina vipande 4, mita ya mraba 1.44, na namba ya rangi imeandikwa ubavuni, zisipofanana zirudi. Maji mgongoni mfanyie kila katoni, si ile moja ya kwenye mfuko. Na mlio kwenye majengo ya zamani, ya tangu enzi mji huu ukiitwa Elisabethville: vile vipande vya plastiki vya sentimita 23 au 30 vilivyobandikwa kwa kola nyeusi vinaweza kuwa na amianti (asbesto). Mtu asiviguse na meule kabisa, vumbi lake linaharibu mapafu.

Yeyote aliyemlipa, hata avansi ndogo, aniandikie. Leteni fakitire zenye ile kashe na ujumbe wa simu, msifute kitu. Tunakusanya majina tuingie parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) pamoja, na mwanasheria wetu amesema malalamiko ya wengi hayawekwi chini ya meza kirahisi. Wa Kampemba, kama bado yuko kwenu, msimfukuze. Mpeni kiti, mpeni maji, mnipigie simu.