Tahadhari kwa ofisi za safari Moshi na Arusha: wakala anayeuza wageni wa mtandaoni kwa idadi ya mibofyo

Ndugu wamiliki wenzangu wa ofisi ndogo za safari na za kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro, naandika tahadhari hii kutoka Moshi, baada ya kulipa shilingi 2,014,000 katika miezi miwili kwa ajili ya wageni ambao hawakuwahi kuwepo. Jina la aliyenitoza silitaji, kwa kuwa shauri liko polisi, lakini namna anavyofanya kazi nitaieleza yote, maana wenzangu wawili wa Arusha wameniambia kwamba kijana mwenye maneno hayo hayo amekwisha kupita kwao.

Alikuja ofisini mwishoni mwa Januari, wakati ambapo wageni wa mlimani ni wengi na kila mmoja wetu yuko tayari kusikiliza habari ya kuongeza wengine. Alijitambulisha kuwa ni wakala wa tovuti za nje zinazoandika habari za usafiri. Tovuti hizo, alisema, zingeweka viungo (linki) vya kuleta wasomaji kwenye tovuti yetu, nasi tungelipa shilingi 250 kwa kila mbofyo. Nilipomuuliza nitajuaje kama inalipa, alichukua kalamu yangu akageuza risiti iliyokuwa mezani. "Mama, mgeni mmoja wa njia ya Machame anakuachia kiasi gani ukishatoa ada za hifadhi, wapagazi na chakula?" Nikamwambia takribani laki nane. Akaandika: mibofyo 1,000 ni laki mbili na nusu, akipatikana mmoja tu katika hao elfu, unabaki na laki tano na nusu.

Hesabu ile haikuwa na kosa, na ndiyo iliyoninasa. Thamani ya mtu aliyeletwa na kiungo hupatikana hivyo hivyo, kwa kuchukua faida ya oda moja na kuigawa kwa idadi ya watu wanaohitajika kufika ili oda hiyo ipatikane. Ikiwa kati ya watu 200 mmoja huweka oda, basi kila aliyefika ana thamani ya shilingi 4,000, na anayekuuzia kwa 250 anakupa bei ya kutupa. Tatizo ni kwamba hesabu hiyo huchukulia kuwa aliyefika ni mtu. Mpiga debe wa stendi halipwi kwa kila anayepita mbele ya basi, hulipwa kwa abiria aliyeketi; mimi nilikubali kulipia wapita njia, tena waliohesabiwa na mpiga debe mwenyewe, kwenye ukurasa wake wa takwimu ambao mchoro wake ulikuwa umepanda kila nilipoufungua.

Februari ankara ilikuwa ya mibofyo 3,840, yaani shilingi 960,000, na Machi ya mibofyo 4,216, yaani shilingi 1,054,000. Maswali ya bei yaliyotokana na viungo hivyo yalikuwa matatu, na mawili kati yake yalikuwa na maneno yale yale pamoja na kosa lile lile la tahajia katika neno Kilimanjaro. Hakuna aliyelipa hata amana.

Ndipo binti yangu, anayetutunzia tovuti, alipoomba kumbukumbu za seva, yaani orodha ya kila aliyeifungua, kutoka kwa wanaotuhifadhia tovuti hiyo, tukakaa nazo mezani hadi usiku wa manane. Sehemu kubwa ya mibofyo ilikuwa imeingia kati ya saa tisa na saa kumi usiku, ikitoka kwenye anwani chache za mtandao za vituo vya seva na si kwenye simu za watu majumbani. Wote hao walifungua ukurasa wa mbele peke yake, wakakaa sekunde moja, wakaondoka. Hakuna aliyefungua ukurasa wa bei wala wa njia, ilhali mtu anayetaka kupanda Kilimanjaro huanza kwa kulinganisha Marangu na Machame, akarudi mara tano kabla ya kuandika barua pepe ya kwanza.

Kwa kulinganisha, yuko mama wa Kiholanzi aliyepanda nasi mwaka jana, akaandika habari za safari yake kwenye blogu yake ndogo na kuweka kiungo chetu bila kutudai chochote. Katika miezi hiyo hiyo miwili kiungo hicho kilileta watu 61, maswali saba na oda mbili za mgeni mmoja mmoja. Watu 61 ni wachache mno kuwekea kanuni, lakini kwa faida ya laki nane kwa oda, kila mmoja wao alikuwa na thamani inayozidi shilingi 26,000, na wale elfu nane wa wakala walikuwa na thamani ya sifuri.

Nilipomkabili hakubisha, na hilo lingetosha kunishtua. Alisema tuache mibofyo, nimlipe kamisheni ya asilimia 10 kwa oda zitakazopatikana kupitia kwake tu, na kwamba kwa ajili ya kufuatilia tuweke kipande cha msimbo wake, yaani maagizo ya kompyuta, kwenye tovuti yetu. Tukaweka. Hapa naomba msome taratibu, kwa sababu hila hii ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza. Msimbo ule ulikuwa unaacha kidakuzi chake (cookie), yaani alama inayoonyesha nani alimleta mgeni, kwenye kivinjari cha kila aliyefungua tovuti yetu, awe ametumwa na rafiki au ametutafuta kwa jina, na kwa kuwa desturi ya mifumo mingi ya kamisheni ni kumlipa mwenye kiungo cha mwisho kabla ya malipo, kila oda ilisomeka kuwa yake. Mwezi wa Mei alinidai dola 420 kwa ajili ya mume na mke wa Kijerumani waliolipa dola 4,200. Ndugu yao alipanda nasi mwaka 2022, na wao wenyewe walikuwa wakituandikia tangu Oktoba, miezi mitatu kabla sijamfahamu huyo kijana.

Mchezo huu si mpya. Huko Marekani, Shawn Hogan na Brian Dunning walikula kamisheni za soko la mtandaoni la eBay kwa kupandikiza vidakuzi namna hiyo, na mwaka 2014 mahakama iliwafunga, wa kwanza miezi 5 na wa pili miezi 15. Kwetu kuna na jambo jingine: msimbo wa mgeni ukikaa kwenye ukurasa ambao watu hujaza namba za pasipoti, mtakaoulizwa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ni ninyi wenye tovuti.

Sasa kila anayetuletea watu ana kiungo chenye alama zake, na hesabu inasomwa upande wetu, si upande wake. Kamisheni hulipwa mgeni akishashuka mlimani, na mapokezi wanamuuliza kila anayefika alitusikia wapi, wakaandika jibu kwenye daftari. Daftari hilo lina kazi kubwa kuliko nilivyodhani, kwani viungo vinavyotumwa kwa WhatsApp mara nyingi huonekana kwenye takwimu kana kwamba mtu aliandika anwani mwenyewe, na mletaji mwaminifu hunyimwa haki yake. Vilevile, jina la kampuni aliyonipa halikuonekana nilipolitafuta BRELA, kwa wasajili wa kampuni, jambo ambalo ningelifanya Januari lingenichukua dakika tano.

Namba yake ya simu haipatikani tena, na wale wenzangu wa Arusha wanasema sasa anatumia jina jingine la biashara. Aliyeweka msimbo wake auondoe leo, lakini kwanza ahifadhi nakala yake pamoja na ankara, meseji na kumbukumbu za seva kabla hazijafutika, kwa kuwa polisi wameniambia kwamba malalamiko ya ofisi zaidi ya moja yatalisaidia shauri hili.