Honda CG125 ya Zamani: Nini Ufanye Masika Haya, Nini Uache

Hamjambo ndugu watazamaji, karibuni. Leo tunaichambua Honda CG125, ile ya zamani yenye breki za dramu mbele na nyuma. Wengi mnayo, imeegeshwa uani imefunikwa turubai, mnauliza kama inafaa kufufuliwa kipindi hiki cha masika. Inafaa, tena sana. Ila hapa Tanga, kati ya Machi na Mei, chumvi ya bahari ikikutana na mvua huila pikipiki iliyolala. Kwa hiyo pesa ianzie kwenye kutu na waya, mapambo yafuate baadaye.

Tuanze na injini, maana ndiyo sababu ya kuitetea pikipiki hii. Haina cheni ya taimingi. Valvu zinasukumwa na pushirodi, vile vyuma viwili virefu, kwa hiyo hakuna cheni ya ndani ya kulegea na kuanza kugonga. Kazi yako ni kurekebisha tepeti, yaani ile nafasi ndogo kati ya roka (chuma kinachobonyeza valvu) na valvu yenyewe. Injini iwe baridi kabisa. Fungua kifuniko cha valvu na cha magineti, zungusha magineti hadi alama yake ya T ilingane na alama ya kwenye kava, kisha shika roka zote mbili. Zikicheza kidogo, pistoni iko juu kwenye kompresheni. Zikiwa zimebana, zungusha duru moja tena. Nafasi ni milimita 0.08, valvu zote mbili, na upime kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, usikisie kwa kidole. Kuna mafundi hukaza mpaka mlio unapotea kabisa, mwenye pikipiki anafurahi. Hilo ni kosa. Valvu isiyofunga sawasawa inaungua, na kompresheni inaondoka polepole mpaka kiki inakuwa nyepesi.

Oili inaingia kama mililita 900 ukimwaga ya zamani. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA, kwa sababu klachi ya hapa inaogelea kwenye oili hiyo hiyo, na baadhi ya oili za magari zina dawa ya kupunguza msuguano inayofanya klachi iteleze. Na jambo linalosahaulika: CG haina chujio la karatasi. Ina chujio la kuzunguka, nyuma ya kava ya kulia, linalorushia uchafu pembeni. Katika pikipiki iliyokaa miaka, utakuta humo tope jeusi limeshikana kama udongo wa mfinyanzi. Likwangue, osha kwa mafuta ya taa, kausha, ufunge kwa gasketi mpya.

Sasa tangi. Vua kofia, mulika ndani kwa tochi ya simu. Ukiona wekundu kwenye kona za chini, usitie petroli juu yake ukategemea chujio. Ling'oe tangi, ondoa koki ya petroli, ziba tundu lake, jaza siki nyeupe, tupia nati chache za chuma na uache siku nzima, ukilitikisa mara kwa mara. Hesabu nati zinapoingia na zinapotoka. Mwaga, suuza kwa maji yenye magadi soda ili ukali wa siki ufe, kisha maji safi. Hapa ndipo watu huharibu: chuma kilichotoka kwenye siki kinashika kutu upya ndani ya dakika chache kikiwa na unyevu. Kausha papo hapo kwa upepo wa kompresa, halafu zungushia ndani petroli iliyochanganywa na oili kidogo. Kama hutaiendesha, tangi libaki limejaa, na kabureta uimwage kupitia skrubu ya chini ya bakuli, la sivyo petroli inakauka na kuziba jeti ndogo, kile kitundu chembamba kinachopitisha petroli.

Umeme. Kwanza soma betri yako, maana CG za mwanzo ni volti 6 na za baadaye ni volti 12. Wengi wameunguza taa mpya kwa kutosoma. Kisha fungua kila soketi ya waya. Ukijani wa kutu utakaoukuta humo ndio unaofanya indiketa ipepese kivivu na honi ikorome. Sugua kwa msasa laini, unganisha, pakaa vaselini kwa juu. Athi kwenye fremu iguse chuma kitupu, si rangi. Plagi ni NGK D8EA, mwanya milimita 0.6 hadi 0.7, na mpira wa kofia yake ukiwa umepasuka ubadilishe, maana mvua kubwa ikipiga ndipo maji yanapoingilia.

Kwenye urembo nitasema wazi. Kifuniko kizima cha cheni, kama chako bado kipo, usikitoe hata kama vijana wanasema ni cha kizee. Cheni ya 428 iliyofunikwa haipati mchanga wa njia ya Pangani. Madigadi ya nyuma yasikatwe, tope litaishia mgongoni kwako na kwenye kabureta. Silinda ya 150, ile ya pistoni milimita 62, haiingii kwenye kesi ya Honda, lile gamba la chini la injini, bila kuchonga mdomo wake, na ukikosea umeua injini nzima. Badilisha siti, hendeli, taa na rangi, upendavyo. Rangi ipulize siku ya jua tu. Unyevu ukizidi inatoka na ukungu mweupe.

Spea za injini za Kichina za aina ya CG zipo Ngamiani, hapa Tanga mjini, na ni nafuu. Breki shuu na kebo chukua bila wasiwasi. Gasketi ilinganishe na ya zamani kabla hujalipa. Sproketi zote mbili na cheni vibadilishwe kwa pamoja, na klipu ya cheni mdomo wake uangalie nyuma, upande uliofungika utangulie mwendo, isije ikafunguka njiani.

Siku ya kuiwasha baada ya kulala muda mrefu, toa plagi, tia oili kijiko kimoja cha chai kwenye silinda, piga kiki taratibu mara kumi bila plagi, ndipo uirudishe na kufungua petroli.